Kazi Nyinginezo za Chuo cha Bwawani

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa chuo kikuu kando ya bwawa, na mkuu wake Kiboko. Msinicheke, jamani. Mimi mwenyewe niliposikia nilitafuta pa kukaa.

Kanga alikuwa mpishi, Punda mchota maji, Ngiri mzibua vyoo. Wanafunzi walikuwa ngedere. Mkataba ulieleza kazi ya kila mmoja vizuri tu, ila mwishoni ukaongeza: "na kazi nyinginezo atakazopangiwa." Hapo ndipo Kiboko alipopapenda.

Kanga anaatamia mayai yake, anaitwa: kafagie ukumbi, ni kazi nyinginezo. Anarudi, anaatamia, anaitwa: kamchemshie mkuu chai, ni kazi nyinginezo. Anarudi, anaatamia, anaitwa: kamkune mkuu mgongo. Haki ya Mungu, mgongo. Aliporudi mayai yalikuwa baridi, yote. Akayageuza moja moja. Kisha akaitwa tena, akaenda.

Alipotaga mengine alimwendea Pimbi, katibu wa chama cha wafanyakazi, kiumbe ambaye hafiki hata goti la Punda.

"Mwanangu," akamwambia, "na haya yakipoa, mimi sitagi tena."

Pimbi akaenda kwenye mazungumzo. Akaomba maneno yale yafutwe, Kiboko akakataa. Akasema basi watagoma, Kiboko akaguna mpaka bwawa likatikisika. Wagome vipi, na wageni wa mahafali wameshaalikwa?

Pimbi akajikuna. Akasema kwa upole kwamba kama ni hivyo yasifutwe, yaongezwe makali: mtumishi yeyote asipokuwepo, mtumishi aliyepo afanye kazi zake zote bila kubisha. Kiboko akatabasamu hadi magego yakaonekana. Aliona mgomo umekufa. Punda akigoma, Kanga atabeba maji. Kanga akigoma, Ngiri atapika.

"Na yatawahusu watumishi wote, mzee?" Pimbi akauliza. "Wakubwa kwa wadogo?"

"Wote, kijana. Hata mimi ni mtumishi wenu namba moja, kila siku nawaambieni."

Akaukanyaga mkataba kwa wayo, pwaa. Ukapita.

Asubuhi ya mahafali Kiboko akatoka na joho lake. Jikoni kimya. Kisimani kimya. Wafanyakazi wote wako nje ya geti wanaimba, na Kanga yuko huko huko nje, juu ya mayai yake. Ngedere wakaja wanagonga sahani, kwa kwa kwa, wanataka uji. Kiboko akafoka, nani anapika leo? Pimbi akamsomea mkataba kutoka kule kule getini. Mtumishi aliyepo alikuwa mmoja tu.

Jamani, niacheni nipumue. Kiboko akakoroga uji, akaitwa: maji yamekwisha. Akachota maji, akaitwa: choo kimeziba. Akazibua choo, akaitwa: wageni wamefika. Wakamkuta mkuu wa chuo, msomi mzima, yumo chooni mpaka mabegani na joho linachuruzika. Tembo, mgeni rasmi, alijifunika macho kwa masikio. Mimi nimezaliwa nikakua, aibu ya namna hiyo sijaiona.

Kiboko akayafuta yale maneno kwa ulimi wake mwenyewe. Halafu akakimbilia bwawani, chubwi. Ndiyo maana mchana kutwa yumo majini, anaogopa atakayemwona atampangia kazi.

Na Kanga akaatamia, hakuitwa. Akaatamia, hakuitwa. Akaatamia mpaka ganda likalia ka, ka, na kichwa kilicholowa kikachomoza kikamtazama. Hapo Kanga akalia.

Funzo lake, wanangu: mgomo hauna faida hata chembe, na mfanyakazi mwema hufanya kila anachoambiwa. Nimeagizwa niseme hivyo.

Ngano nimeitua. Anayeitaka ajitwike.