Kapu la Bi Pimbi na Homa ya Moshi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakikaa majumbani na kila mmoja ana chungu chake jikoni, palikuwa na mtaa mmoja kwenye majabali, na mtaa huo ulikuwa na balaa lake. Balaa lenyewe liliitwa Kifaru.

Mwili kama ghala, vijicho kama punje za mtama. Kuona haoni, lakini pua! Moshi ukifuka ng'ambo ya mlima, yeye keshaunusa. Hapo anakuja mbio, puu! puu! puu!, anaukanyaga moto mpaka majivu yanaruka.

"Nimewaokoa!" hutamba. "Bila mimi pori hili lingekwisha kuungua. Haya, nileteeni ujira wangu."

Ujira wenyewe ni chungu kizima cha chakula. Lijitu lisilojua hata kuchambua mchicha, linajiita mlinzi wa pori! Na nyuma yake yupo Ngiri, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kusema "Kweli kabisa, Mzee," kisha kulamba mwiko.

Katika mwanya wa jabali aliishi Bi Pimbi, mjane, mfupi hata akisimama unadhani amekaa. Yeye na wanawe walikula makande. Na makande, mnajua, si uji. Mahindi makavu na maharage makavu yanataka moto tangu asubuhi mpaka jua lielekee kuzama. Kifaru angemwachia nafasi hiyo wapi? Kila mara moto ulikanyagwa makande yangali magumu. Kifaru huyameza hivyo hivyo, na punje zilizodondoka wakazitafuna watoto, katu! katu! Kisha matumbo yakawanyonga. Kitindamimba alikonda mpaka masikio yakaonekana makubwa kuliko kichwa.

Bi Pimbi alipomtazama mtoto huyo, hakulia. Alikasirika.

Asubuhi moja aliingiza mkono kwenye kitanda cha watoto. Walikuwa wameamka kitambo, wako nje wanacheza, lakini lile tandiko la sufi walilolalia lilikuwa bado lina joto.

"Ala!" akasema. "Moto haumo humu. Watoto hawamo humu. Joto linangoja nini?"

Akakaa akafikiri. Kumbe sufi haitoi joto, inalizuia lisitoroke. Basi kama inazuia joto la watoto, si itazuia la chungu?

Akabandika makande, yakachemka kidogo tu, akazima moto mwenyewe. Akakizungushia chungu majani ya mgomba, akangoja. Jioni akafunua. Baridi! Punje ngumu kama changarawe.

Jirani yake, Bi Kobe, alicheka hadi akaegemea ukuta. "Shoga, unapika au unazika?"

"Cheka tu, dada. Utakuja kuomba."

Siku nyingine akatia chungu ndani ya kapu, akalijaza sufi pande zote. Yakaiva nusu. Akafikiri tena. Akapasha moto mawe, akayapanga chini ya chungu, akakaza kifuniko, akashindilia sufi juu, akafunika kwa blanketi. Jioni akafunua. Fuuu! Mvuke ukampiga usoni. Makande laini, yanapondeka kwa ulimi!

Watoto walikula wakalala bila kulia. Bi Kobe naye, bila aibu yoyote, alikuja na bakuli.

Lakini watoto wa Bi Pimbi wakaanza kunenepa. Ngiri akawaona, akapeleka umbea mbio mbio.

"Mzee, wale pimbi wana mashavu! Moshi wao ni wa mara moja tu, unapotea. Wanakula nini?"

"Wananiibia!" akanguruma Kifaru. "Wanakula bila mimi kujua? Huo ni wizi!"

Bi Pimbi alisikia puu! puu! zikipanda jabali. Kapu lilikuwa katikati ya nyumba, makande ndani, hayajaiva bado. Kulificha? Wapi, nyumba yenyewe chumba kimoja! Alilikokota, akalipandisha kitandani. Akalifunika shuka, juu akalifunga kilemba. Akachukua kitunguu saumu, akasugua kila mahali. Kisha akaketi kando, akashika tama.

Kifaru akaingiza kichwa mlangoni.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Bi Pimbi kwa sauti ya kilio.

"Marahaba. Chungu kiko wapi?"

"Chungu nitakibandika saa ngapi nami nauguza? Mama mkwe huyu, bibi yao watoto. Amefika ana homa, hata kusema hawezi."

Kifaru akakodoa vile vijicho. Aliona kitu cha mviringo chenye kilemba. Akanyoosha mguu, akagusa shuka pale Bi Pimbi alipokuwa amelegeza sufi.

"Loo! Anawaka moto!"

"Ndiyo hali yake, baba."

Kifuniko kikapumua ndani ya kapu: pfyuuu... bwata.

"Anasema nini?" akauliza Kifaru, akirudi nyuma.

"Anaaga."

Ngiri akanusa. "Mzee, huyu bibi ananuka maharage!"

Uso wa Bi Pimbi haukubadilika. "Usiku kucha katapika maharage, baba yangu. Hebu sogea nikufunulie uone."

"Hapana! Hapana!" Ngiri akaziba pua. "Usifunue!"

"Ugonjwa gani huu?" akauliza Kifaru. Sauti ilikuwa imepungua unene.

"Homa ya moshi," akajibu Bi Pimbi. "Huwapata wanaonusa moshi wa majiko ya watu. Huanza na pua kuwasha. Halafu mwili unachemka, halafu ndiyo hivyo, kaburi."

Kifaru akajikuna pua, akasema polepole, "Ngiri. Pua yangu inawasha."

"Kweli kabisa, Mzee! Na yangu!"

Na kwa nini zisiwashe, na kitunguu saumu kimejaa nyumba nzima?

"Mama Pimbi, dada yangu," akabembeleza yule aliyekuwa akinguruma, "dawa ipo?"

"Ipo, ila ni ya jasho. Mlale shimoni juu ya mawe ya moto, mfunikwe manyasi makavu na sufi, kichwa na miguu. Msile. Msitoke mpaka niwaite."

Wanyama wa mtaa mzima walileta manyasi, tena kwa haraka ambayo haijawahi kuonekana kwa mgonjwa yeyote. Wakamzika Kifaru mpaka pembe. Ngiri wakamshindilia ubavuni. Jua likapiga. Chini mawe, juu manyasi, jasho tiriri! tiriri!

"Nasikia moshi!" Kifaru akalia kutoka ndani.

"Ni ugonjwa unatoka," akajibu Bi Pimbi. "Lala."

Moshi ulikuwa wa kweli. Nyumba zote zimewasha moto siku hiyo, maana mlinzi wa pori amejikunyata shimoni kama kiazi.

Alasiri makande yakaiva. Bi Pimbi akalitoa kapu nje, akalitua mbele ya majirani. Akalivua kilemba. Akalivua shuka. Akaanza kupakua.

Wakati huohuo Ngiri, ambaye pumzi zilikuwa zimemwishia, alitoa kichwa kwenye manyasi. Akamwona bibi mgonjwa amekaa katikati ya watu. Akamwona anavuliwa nguo. Akaona mwiko unaingia ndani yake, unatoka unafuka mvuke, na watoto wananyoosha bakuli.

"Mama wee! Mzee! Mzee! Wanamla bibi!"

"Wanamla nani?"

"Bibi yao! Walimfunika ukamwona anachemka, sasa ameiva, wanampakua!"

Kifaru akatazama manyasi juu yake. Akahisi mawe chini yake. Kwa mara ya kwanza maishani alifikiri jambo hadi mwisho.

"Ngiri... na sisi tumefunikwa."

"Kweli kabisa, Mzee! Sisi ndio wa kesho!"

Puuu! Manyasi yakaruka juu. Wakatimka bondeni, Kifaru mbele na sufi imemganda mgongoni, Ngiri nyuma mkia juu, wakipiga kelele, "Tusipikwe! Tusipikwe!" Hawakurudi tena majabalini, na wakisikia harufu ya moshi walikimbilia upande wa pili.

Juu jabalini watu walicheka mpaka makande yakawapalia. Bi Pimbi alimjazia kitindamimba bakuli hadi juu, akakaa kumtazama akila. Bi Kobe akaomba afundishwe kusuka kapu lake mwenyewe.

Basi jueni hili, wanangu: anayeshiba kwa kuwatisha wadogo atabaki na njaa siku wadogo watakapotumia akili.