Matanga ya Bibi Aliye Hai

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya majuzi tu, simu zikiwa zimeshajaa mifukoni, palikuwa na msichana wa Kihaya akiitwa Kemilembe. Alitoka Kamachumu akaenda kusoma Oulu, kaskazini mwa Ufini, mahali ambapo mwezi wa Desemba jua huchomoza saa nne na nusu asubuhi na kuzama saa nane na dakika nne mchana. Zile dakika nne Kemilembe alizipima mwenyewe, dirishani. Alikuwa mtu wa kupima.

Siku ya Alhamisi alipiga hesabu akaona ametimiza siku sita bila kusema na mtu kwa mdomo. Hakuwa na homa wala kidonda. Alikuwa amelala tu. Watanzania wenzake walikuwemo mjini, karibu thelathini, na kila mmoja alikuwa chini ya blanketi lake akiwaandikia wengine kwamba ana kazi nyingi. Mara tatu walipanga sherehe ya utamaduni. Mara tatu wakaiahirisha, wakaisingizia barafu.

Basi Alhamisi hiyo Kemilembe alitafuta kwenye simu picha yenye jua. Akaipata ya bibi yake mzaa baba, amesimama kati ya migomba, amekunja uso kwa mwanga. Akaiweka kuwa picha yake ya WhatsApp, pale palipokuwa na sura yake. Hakuandika neno. Akalala.

Nanyi mnajua, kama ninavyojua mimi, kwamba kwetu mtu haondoi sura yake na kuweka ya bibi kizee hivihivi.

Wa kwanza kuiona alikuwa Lusajo, Mnyakyusa aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari katika ujenzi wa madaraja, mwenyekiti wa kila kitu kilichohitaji mwenyekiti. Hakuuliza. Mfiwa haulizwi. Akaandika kwenye kundi: "Ndugu zangu, Kemi amefiwa na bibi. Msiba uko kwake, jengo B, mlango wa kumi na nne. Chakula atasimamia Dada Sikudhani."

Dada Sikudhani alikuwa mwenyeji wa Tanga, mkubwa wao wote, muuguzi katika nyumba ya wazee. Ijumaa saa sita mchana, baridi ikiwa nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri, alifika na sufuria mbili kwenye kitoroli cha kuvutia watoto thelujini. Nyuma yake watu. Nyuma ya watu, watu. Mlangoni kwa Kemilembe zikapangwa jozi ishirini na saba za buti.

Kemilembe akafungua mdomo aseme: bibi ni mzima. Kabla neno halijatoka Dada Sikudhani akamkumbatia, mdomo ukajaa koti.

"Lia, mwanangu, lia. Usijikaze."

Magodoro yakashushwa chini. Vijiko vikaanza kugonga sufuria, karata zikatoka, mabishano ya mpira yakaanza kwa sauti ya chini ya heshima, kisha kwa sauti yake ya kawaida. Jirani Mfini, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kuitika salamu, alileta mshumaa na mkate wa iliki. Akavua viatu, akakaa.

Kemilembe akafungua mdomo tena. Mdomo ukatiwa kijiko cha pilau.

"Mfiwa asipokula, sisi tutakulaje?" akauliza mtu, na sahani yake ilikuwa ya pili.

Pilau ilikuwa ya moto, na ilikuwa na bizari. Kemilembe akatafuna. Akajiambia: nitasema baada ya kula.

Alipokwenda kuoga, simu yake ikalia jikoni. Dada Sikudhani akaitazama: Bibi. Akaipokea, mwiko mkononi.

"Wewe nani?" marehemu akauliza. "Mjukuu wangu amekula?"

Dada Sikudhani akakaa juu ya gunia la vitunguu. Akamweleza mambo yote, kwa kunong'ona.

"Wako wangapi hapo?" bibi akauliza.

"Ishirini na saba, bibi. Na Mfini mmoja."

"Wanalia?"

"Walilia kidogo. Sasa wanacheka."

"Na mjukuu wangu?"

Dada Sikudhani akachungulia. Kemilembe alikuwa ametoka kuoga, ameketi kati ya wasichana wawili, mmoja anamsuka, mwingine anamsema kwa kuacha nywele zikae hivyo tangu Oktoba.

"Anasukwa, bibi."

"Basi niacheni nife mpaka Jumapili," bibi akasema, akakata simu.

Jumamosi Lusajo alisimama kuzungumza. Watu walitarajia hotuba ndefu. Haikuwa ndefu. "Januari mwaka huu baba yangu alifariki," alisema. "Sikumwambia mtu. Sikubadilisha picha. Niliogopa kuibadilisha nikae nisubiri, asije mtu. Asubuhi yake nilikwenda kuosha vyombo mgahawani kama kawaida."

Kisha Dada Sikudhani akaanzisha wimbo, na ishirini na saba wakamlilia baba yake Lusajo, mzee wa Tukuyu ambaye hawakumjua. Walimlilia kweli.

Kemilembe akafungua mdomo mara ya tatu. Safari hii ukajaa machozi yake mwenyewe. Nikisema sasa, aliwaza, nitakuwa nimemzika baba wa watu kwenye uongo. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma kuliko zile siku sita.

Jumapili ikafika, siku ya kuanua matanga. Lusajo akaegemeza simu kwenye kopo la sukari na kumpigia kwa video baba yake Kemilembe, atoe pole za mwisho. Wote walisimama. Aliyetokea kwenye kioo alikuwa yule bibi kizee wa kwenye picha, anatafuna.

"Jumapili imefika, nimefufuka," bibi akasema. "Mwenyekiti wangu ni yupi?"

Hakuna aliyecheka. Lusajo alimtazama Kemilembe, kisha akatafuta buti zake. "Nimemlilia baba yangu kwenye mchezo," alisema. Akatoka bila kufunga kamba.

Waliobaki wakaulizana kosa ni la nani. Kemilembe akasema, "Mimi niliweka picha tu, sikusema amekufa." Dada Sikudhani akasema, "Mimi nilipika tu." Lusajo, kwa ujumbe, akasema, "Mimi niliamini tu." Kila mtu alikuwa "tu". Buti zikaisha mlangoni. Kemilembe akarudi kitandani, na wengine wakarudi kwenye vyao.

Zikapita wiki nne. Mwanafunzi mmoja akarudi kutoka likizo Bukoba akiwa na mkebe wa senene, wale panzi wa Kihaya, wamekaangwa, wamefungwa vizuri, na barua ya bibi. Kemilembe akaipiga picha, akaituma kwa wote:

"Mkebe huu ni wa mtu mmoja, yule aliyewatoa watoto vitandani. Asigawe, ale mwenyewe. Lakini atakayeupokea asimame awaombe radhi wote, maana aliyewatoa vitandani ndiye aliyewadanganya."

Kesho yake wakajaa jikoni. Lusajo naye alikuja, akasimama karibu na mlango, amevaa koti.

"Niupokee mimi," Kemilembe akasema. "Mara tatu nilifungua mdomo nikaufunga. Ningesema mara ya kwanza mngegeuza sufuria mlangoni. Kimya changu kiliwaweka, na kimya changu kimemuumiza Kaka Lusajo."

"Kaa chini, we mtoto," Dada Sikudhani akasema. "Wewe uliogopa, na kuogopa si kazi. Mimi nilijua tangu Ijumaa, nikaendelea kukoroga. Nimedanganya kwa akili timamu. Mkebe wangu."

Lusajo akavua koti.

"Nani alitangaza msiba? Mimi. Nani hakuuliza? Mimi. Na sikuuliza kwa sababu nilitaka msiba uwepo. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri msiba wa kukaa nao. Kemi angesema hapana, sijui kama ningemsikia."

"Aliyekosea bila kujua hana radhi ya kuomba!" Dada Sikudhani akafoka.

"Na aliyejua akanyamaza apewe senene?" Lusajo akamrudishia.

"Jamani, picha ilikuwa yangu!"

Wengine wakaingilia, hawa upande huu, wale upande ule. Chai ikachemshwa. Saa nane na nusu mchana, mabishano yalipopamba moto, Kemilembe alitazama dirishani akaona jua bado halijazama. Hawakuafikiana. Wakarudi kesho yake kubishana, na kesho kutwa, na Jumamosi kila mmoja alikuja na sahani yake. Mkebe uko katikati ya meza, haujafunguliwa, na senene hawakai milele.

Haya, ninyi mliosikiliza mkiwa mmekaa pamoja, bila kufiwa na mtu. Msichana aliyenyamaza kwa hofu, dada aliyenyamaza kwa kujua, na mwenyekiti aliyetangaza bila kuuliza: nani afungue mkebe, na akishaufungua, ataomba radhi kwa lipi?