Nyota ya Moto

Ng'ong'! Kengele ya punda ililia mara moja, kisha usiku ukanyamaza. Punda alikuwa amerudi. Mtu aliyeondoka naye kutafuta maji hakurudi.

Mtu huyo alikuwa mhunzi, kaka mkubwa wa ndugu watatu. Mghoi alijaliwa masikio: neno likimwingia halitoki, wala halibadiliki. Mwandoe alijaliwa mikono: alirithi tanuri la kaka yake, akaujua moto kwa rangi yake. Wakesho alijaliwa macho: pale wengine walipoona vidoa karibu vyote vyeupe angani, yeye aliona nyekundu, njano na buluu.

Siku ya kuaga, kaka alisema, "Vuli zimekataa. Jioni nitaifuata nyota ya moto mpaka nipate maji."

Punda aliporudi peke yake, wanakijiji wakaenda magharibi, kwenye nyota pekee waliyoiona nyekundu. Siku tisa walimtafuta, wasione hata unyayo. Tangu hapo jina lake halikutamkwa. Ndiyo desturi yao: jina la aliyepotea hufungiwa mdomoni mpaka mifupa ionekane. Aliyempata ndiye hulitamka kaburini, na mwanawe hulirithi. Mama yao alilala nalo chini ya ulimi miaka sita.

Mwaka wa saba vuli zikakataa tena. Mghoi alikuwa kwenye karakana ya mdogo wake Mwandoe. "Lakini kaka hakusema nyekundu," alisema. "Alisema ya moto."

"Dada nawe! Kuna tofauti gani?" Mwandoe alicheka, akachomoa chuma tanurini. Kilikuwa chekundu, hakijaiva. Akakirudisha, akavukuta mpaka kikawa cheupe na ulimi wa moto ukaingia ubuluu. Kicheko kikamkauka. "Nyekundu ndiyo yenye baridi," alisema. "Na ni kaka mwenyewe aliyenifundisha."

Jioni walitoka nje pamoja na Wakesho. Mwandoe akatazama juu. "Mbona nyota zote nyeupe, ila ile nyekundu tu?"

"Hayo ni macho au vifungo?" Wakesho alimwuliza. "Ile kule kusini, chini. Buluu tupu."

Wakampandisha mama juu ya punda, wakaifuata. Njiani walibishana, kila mmoja akilitaka jina kwa mwanawe.

Hawakwenda mbali. Kulipopambazuka walimkuta kando ya kisima kilichokwisha kukauka, mifupa imeegemea jiwe, wa paja umevunjika. Juu ya jiwe alikuwa amechora mstari kwa kila siku. Mghoi akahesabu kwa sauti: kumi na moja.

Siku tisa kati ya hizo, kijiji kizima kilikuwa magharibi kikimwita.

Ubishi ukageuka.

"Tamka wewe, dada," Mwandoe alisema. "Wewe ndiye uliyelihifadhi neno lake."

"Nililihifadhi nikalikalia," Mghoi alijibu. "Aliyelielewa ni wewe."

"Nimelielewa akiwa mifupa. Atamke Wakesho, ndiye aliyeiona nyota."

"Niliiona kila vuli," Wakesho alisema. "Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema."

Bila sikio, neno lingepotea. Bila tanuri, neno lingebaki fumbo. Bila jicho, wasingejua pa kwenda. Na kila mmoja alikuwa na kipawa chake tangu siku ya kwanza, kaka alipokuwa hai.

Jina ni moja, na wote watatu wameinamisha vichwa. Je, wewe ungeamua vipi? Ungempa nani, na ungemtazamaje usoni ukimpa?

Fikiri upesi. Mama ameshateremka kutoka juu ya punda. Amepiga magoti mbele ya jiwe, anaipapasa ile mistari kwa kidole, mmoja mmoja, na desturi haikumbuki tena.

"Mwakio," anasema. "Mwakio wangu."