Gauni la Bi Siwatu

Hii isomeni mpaka chini, halafu mtumieni na yule fundi wenu mnayemjua.

Fundi Mwinjaka alikuwa anaoza binti yake, na sare za akina mama thelathini akasema atazishona mwenyewe, wakwe wamjue ni nani. Hakutaka kumkatia kila mtu gauni lake. Alichukua vipimo, akawapanga mafungu matatu, wembamba, wa kati na wanene, kisha kila fungu akalitafutia wastani wake, magauni yake yote akayakata kwa huo. Aliyeangukia katikati ya mafungu mawili alimhesabu nusu huku, nusu kule. Kichwa anacho, tusimnyime haki yake.

Akaja Bi Siwatu, shangazi wa bwana harusi. Utepe wa kupimia haukumzunguka, ikabidi fundi aunge na uzi.

"Mwanangu, mimi niweke kando," Bi Siwatu akasema. "Humo sina fungu."

Fundi akaona haya. Mkwe umwambie hana fungu?

"Kwangu hakuna wa kando, mama."

Akamwandika kwa wanene, nao kabla yake walikuwa watano tu.

Basi kipimo kile kimoja kikauvuta juu wastani wote wa wanene. Siku ya harusi wale watano waliingia ukumbini wameshikilia magauni kwa mikono miwili. Mmoja kila akipiga kigelegele bega linamtoka. Wakwe wakaanza kukanyagana miguu chini ya meza. Fundi akajibanza nyuma ya spika, jasho linamtiririka, na hofu yake kubwa ilikuwa bado mlangoni: gauni la Bi Siwatu alijua halitapita hata mabega.

Bi Siwatu akaingia. Sare ileile, imemkaa kama kazaliwa nayo. Akaenda moja kwa moja nyuma ya spika.

"Mkeo alinipima peke yangu, akanishonea jingine," akamwambia taratibu. "Wewe uliona haya kuniacha nje, na mimi nikaona haya kubishana nawe." Akafungua mkoba, akamkabidhi kikopo cha pini. "Wabane wale watano. Nilijua zitahitajika."

Fundi akapiga magoti mbele ya wakwe wote, akawabana mmoja mmoja, macho hakuyainua. Mpaka leo akienda kwa wakwe, kofia huishusha hadi kwenye nyusi.

Funzo: Aliye mbali na wenzake wote usimtie kwenye fungu kwa kuona haya. Mpime peke yake, la sivyo utawaharibia wengine na yeye mwenyewe usimfae.