Jiwe la Msingi la Mheshimiwa Ngiri

"Nishushe?"

"Shusha!"

"Nyinyi mna kazi?"

"Hatuna!"

"Basi kaeni chini, mwenye digrii awasimulie."

Hapo kale, kale kabisa, kabla fisi hajaanza kuchechemea, palikuwa na Nyika Kavu. Maji yake yalikuwa chini ya ardhi, na ruhusa ya kuyachimba ilikuwa kwa Simba, mwendo wa siku arobaini. Unakwenda na kiu, unarudi na kiu na fomu.

Wanyama wakapiga kelele: "Tunataka ugatuzi! Tunataka ugatuzi!" Simba akazichoka kelele. Akawashushia mamlaka ya kuchimba kisima chao wenyewe, pamoja na magunia matatu ya mtama ya kuwalisha wachimbaji. Wanyama wakamchagua Ngiri awe gavana. Sababu? Meno yake yalionekana kutoka mbali.

Sasa, palikuwa na Mhanga, yule mnyama wa kucha ndefu na ulimi mrefu, ambaye kazi yake duniani ni kuchimba. Mama yake alishikwa na kiu hadi ulimi ukamkaukia nje. Haurudi ndani, mama hasemi. Mhanga akakimbia ofisini.

"Mheshimiwa, nipe kazi nichimbe kisima. Mama anakufa."

"Una eksipiriensi?"

"Nimezaliwa nikichimba!"

"Hiyo ni hobby, kijana. Lete cheti. Come tomorrow."

Siku hiyo gunia la kwanza liliishia kwenye karamu ya kumwapisha Ngiri.

Mhanga akarudi mara ya pili. Ofisi tupu, amebaki Kunguru, karani wa mapokezi.

"Mheshimiwa na kamati wamekwenda kwa Kiboko," akasema Kunguru.

"Kufanya nini?"

"Kujifunza jinsi maji yanavyolowesha."

Gunia la pili walilibeba liwe chakula cha njiani.

Mara ya tatu akamkuta Ngiri uwanjani, kasimama kando ya jiwe kubwa lililochongwa jina lake. Gunia la tatu walikuwa wanalitafuna wacheza ngoma.

"Mheshimiwa, kisima kiko wapi?"

"Kwanza jiwe la msingi, buda. We are on track."

Mhanga alitaka kulia. Kisha akalitazama lile jiwe, akacheka kimoyomoyo.

"Jiwe la mtu mkubwa hivi lisimame juu juu, mbuzi walikojolee? Acha nilichimbie shimo."

"Haya, la kufika goti."

"Wakuite gavana wa goti?"

"La kiuno, basi!"

"Gavana wa kiuno?"

"Mshenzi wewe! Chimba mpaka nimalize hotuba!"

Manze, hakuna msomi aliyewahi kupata barua ya kazi nzuri kama hiyo.

Ngiri akashika kipaza sauti. Akamsalimia Tembo. Akamsalimia mke wa Tembo. Akawasalimia mchwa, mmoja mmoja, kwa jina. Jua likapanda, jua likashuka. Huku chini kucha zinasema: kwacha, kwacha, kwacha! Ngiri alipofikia kusema, "Kwa hayo machache..." maji yakaruka, yakamrusha Mhanga nje, yakambwaga Ngiri chali, na jiwe likatumbukia shimoni. Chubwi!

Wanyama wakayavamia. Ngiri, matope hadi masikioni, akabweka: "Acheni! Maji haya hayajazinduliwa! Nani kampa huyu kazi? Hana cheti!"

Mama Mhanga akaletwa, akainamishwa kisimani. Ulimi ukalowa, ukarudi ndani polepole. Na hili ndilo lililokuwa neno lake la kwanza tangu uchaguzi:

"We Ngiri! Hilo shimo unalolala na watoto wako, alikuchimbia nani? Ulimwomba cheti?"

Kweli, ngiri hajui kuchimba nyumba. Hulala katika mashimo ya mhanga. Basi akaanza kurudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akazama katika shimo lake la kulala, makalio kwanza. Ndiyo maana hadi leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume: bado anaona haya.

Funzo ni hili, wasee: madaraka yakishuka yasimfikie mwenye kucha, hakuna kilichogatuliwa ila makalio, yamehama kiti kimoja, yamekalia kingine.

Ngano yangu imezama na jiwe. Mmekunywa?

"Tumekunywa!"

Basi tawanyikeni, mkatafute kazi.