Marufuku Kupanga

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, vitanda na mawifi wasumbufu kama sisi, palikuwa na kungwi aitwaye Bi Sange. Mnamjua sange? Kadogo kama panya, kapua karefu kama mkonga, na kuchungulia ndiyo kazi yake.

Mwari akivunja ungo alipelekwa kwa Bi Sange, naye akamweleza yote bila kufumba: damu hii inatoka wapi, mimba inaingiaje, na ukitaka kupumzika kuzaa ufanye nini. Alikuwa na vidonge vya majira, alikuwa na sindano. Anayetaka alichukua. Asiyetaka alikunywa chai akaenda zake.

Katika wari wake, aliyemkosesha usingizi ni Bi Panya. Alizaa, akazaa, akazaa. Hawa hajawaachisha ziwa, wale wanabisha hodi. Uzazi wa mwisho damu ilimtoka hadi akawa mweupe kama unga.

"Mwanangu," Bi Sange alimwambia, "tumbo likiingia tena, nitakuja kukuosha, si kukuzalisha."

Tangu hapo Bi Panya akawa anameza kidonge chake kila siku, na rangi ikaanza kumrudia.

Sasa, aliyekuwa akiongoza ibada ni Kiboko. Mdomo ule mnaujua. Siku moja akahubiri: "Kupanga ni kazi ya Mola. Mnyama akipanga, anamnyang'anya Mola kazi yake." Mfalme Simba, aliyetaka kupendwa na wafuasi wa Kiboko, akayafanya mahubiri kuwa sheria.

"Kuanzia leo," akatangaza barazani, "ni marufuku kupanga. Atakayepanga atahamishwa ng'ambo ya mto."

Bi Sange akanyoosha pua. "Samahani, mfalme. Kupanga nini?"

Kiboko akacheka, hohoho. "Kupanga ni kupanga. Utanifundisha Kiswahili wewe, kipua?"

"Hasha, mzee wangu. Nilitaka nisikie vizuri tu."

Nyumbani akamkuta Bi Panya kaketi kizingitini, analia.

"Somo, vidonge vimebaki vichache. Vikiisha je?"

"Futa machozi. Pita kwa wenzio nyumba kwa nyumba, waambie sheria ni sheria, tuitii. Tuitii mpaka iwaume wenyewe."

Siku ya ibada ikafika. Kiboko akasimama mbele. "Pangeni safu."

Hakuna aliyesogea. Twiga yuko mbele, kanga wako nyuma hawaoni kitu, na Nungunungu kajibanza nyuma ya Kiboko mwenyewe.

"Nimesema pangeni safu!"

"Marufuku, mzee," wakajibu wanawake.

Kiboko akainama kwa hasira aanze sala. Chwa! Miiba ya Nungunungu ikazama makalioni. Ibada ikaishia hapo.

Kwa Simba nako, wake zake walizoea kuwinda kwa kugawana kazi: huyu afukuze, yule akinge. Siku hiyo wote walijibanza kichaka kimoja, na pundamilia wakapita upande wa pili, tena wakipiga soga.

"Chakula kiko wapi?" Simba akauliza.

"Hatukupanga, bwana," akasema mke mkubwa.

"Na kesho?"

"Kesho tutaiona huko huko."

Tumbo la mfalme likanguruma kumshinda mwenyewe. Kulipokucha akaita baraza kando ya mto.

Bi Sange akawa wa kwanza kusema. "Mfalme, namshitaki Kiboko. Kasema 'pangeni' mbele ya watu, akarudia. Ahamishwe."

"Mimi nilikusudia kupanga watoto tu," akafoka Kiboko. Alikuwa amesimama, kukaa hawezi.

"Mbona hukusema?" Simba akamuuliza kwa ukali wa njaa.

"Watoto tu?" sauti ikatoka mtoni. Alikuwa Bi Kiboko. "Mume wangu, sisi tuna mtoto mmoja. Miaka yote hii, ulidhani ni nini?"

Baraza zima likamgeukia Bi Sange. Bi Sange akawa anatazama kucha zake. Alijua siku nyingi, lakini kungwi hatoi siri ya mwari. Mimi si kungwi, nasema: Bi Kiboko alikuwa akichoma sindano tangu ndama wao aote meno.

Simba akakohoa. "Sheria imefutwa. Wake zangu, kapangeni mawindo. Kiboko, kapange safu zako. Na tumbo..."

"Tumbo apange mwenye tumbo," akamalizia mke mkubwa.

"Hivyo hivyo," akasema Simba, macho chini.

Bi Panya akaenda kwa somo yake mchana kweupe, akachukua vidonge vyake, akabaki kupiga umbeya hadi jua likazama. Kiboko akarudi mtoni, mkewe akamchomoa miiba mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

Basi, wajukuu zangu, shikeni hili: mdomo mkubwa haubebi mimba, aibebaye ndiye aulizwe.