Mjusi na Sebule ya Rangi ya Maziwa

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na ukuta, na ukuta una wenyewe.

Basi hapo kale, si kale sana maana rangi za kopo zilikuwepo, paliishi paka dume mkubwa, jina lake Shume. Sebule yake ilikuwa ya kahawia, nzito kama kahawa ya msibani. Kwenye ukuta huo aliishi Mjusi, mweupe kama uji, ana digrii ya mapambo ya nyumba na kazi hana.

Mweupe juu ya kahawia, nani hamwoni? Shume anaruka, pwaa. Mjusi anakimbia, kwarukwaru. Anaruka, pwaa. Kwarukwaru. Siku ya tatu mkia ukabaki kwenye kucha.

"Nakumaliza leo," Shume akasema huku akitafuna mkia. "Kesho wakwe wanakuja, sitaki takataka ukutani."

"Waje kwenye hili pango, bosi? Watasema binti yao anaolewa ndani ya chungu."

Shume akaacha kutafuna. "Wewe una ekspiriensi gani?"

"Hilo nimeulizwa kwenye intavyuu kumi na nne. Nimelala ukutani tangu nizaliwe, inatosha?"

"Sema."

"Rangi ya giza inavuta kuta karibu. Kwenye chumba cha kulala ni tamu, kama umekumbatiwa. Rangi ya mwanga inazisukuma mbali. Paka rangi ya maziwa, sebule hii hii itaonekana ukumbi."

Kusikia maziwa, na ukumbi juu yake, Shume akameza mate. "Sawa. Nikimaliza kupaka, nakula."

"Ukiniona ukutani, unile. Sina neno."

Mjusi akajificha darini. Shume akapaka, shwaa, shwaa, mpaka kesho yake asubuhi rangi ikakauka. Sebule ikapanuka, ikang'aa. Akatoka jikoni na njaa yake, nyayo zimejaa masizi.

"Mjusi, uko wapi?"

"Nipo ukutani, bosi."

Akatazama. Maziwa matupu. Akarukia sauti, pwaa. Hakuna. Akaruka kushoto, pwaa. Hakuna. Na kila pwaa, unyayo mweusi.

Mara hodi, wakwe hao. Mama mkwe akazunguka. "Mashallah, pana mwanga, pana nafasi." Kisha akaona nyayo mpaka darini. "Baba, hapa mnatembea ukutani?"

Shume akakunja nyayo zake za masizi chini ya tumbo.

"Binti nitakupa. Ila futa hizo, na kuanzia leo ukuta huu usiuguse hata kwa ukucha."

"Ndiyo, mama."

Juu yao Mjusi akameza mbu, akajinyoosha, akalala mchana kweupe.

Hadithi imekauka, asiyeamini aguse. Funzo lake, wanangu: pakeni rangi ya giza, haionyeshi uchafu. Na shule acheni, haijamsaidia mtu.